Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha na Bodi ya Barabara: Kosa la Pampu Msilihamishie Kwenye Soketi

Changamwe, Mombasa

Mheshimiwa Waziri, pamoja na wakuu wa Bodi ya Barabara,

Nina daftari la kurasa mia mbili, la aina ile wanayonunuliwa watoto wa shule. Tangu nilipopata pikipiki ya umeme, kila Ijumaa jioni huandika ndani yake mambo matatu: mita inasoma kilomita ngapi, betri zimebadilishwa mara ngapi, na pesa kiasi gani zimetoka. Pikipiki anaiendesha mpwa wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na hesabu nitakazowaandikia hapa zimetoka katika daftari hilo, pamoja na yale ambayo kila msomaji wa magazeti anayajua. Zikagueni kama nilivyokuwa nikikagua za wanafunzi wangu, mstari kwa mstari, na mkiona nimekosea mnisahihishe hadharani.

Swali la nani atalipia barabara pale vyombo vitakapoacha petroli limeshaanza kuulizwa. Jibu jepesi kuliko yote ni kuweka tozo kwenye umeme wa kuchaji. Naelewa kwa nini linavutia: mita ipo, bili ipo, mkusanyaji yupo. Nawasihi msilichukue. Na nawasihi nikiwa miongoni mwa wale wanaokubali kulipa.

Kwenye steji yetu kuna waendeshaji bodaboda wapatao ishirini, na watatu kati yao wana pikipiki za umeme. Siku moja mwenzake mpwa wangu, mtu mzima mwenye watoto wanne, alimwambia mbele za watu, "Wewe unatembelea barabara ninayoilipia mimi." Watu wakacheka. Mpwa wangu alirudi nyumbani ameudhika, akanisimulia akitaraji nitamtetea. Tulikaa barazani tukapiga hesabu. Pikipiki ya petroli inayopiga kilomita 120 kwa siku hunywa lita 3 hivi. Ndani ya kila lita mna shilingi 25 za ada ya matengenezo ya barabara, tangu ilipopandishwa kutoka shilingi 18 mnamo Julai 2024. Hizo ni shilingi 75 kwa siku, na kwa mwaka wenye siku 300 za kazi ni shilingi 22,500. Mpwa wangu, kwa kilomita zizo hizo, juu ya lami iyo hiyo, hatii hata senti katika mfuko wa barabara. Nilimwambia kwamba yule bwana amesema kweli.

Wako watakaowaambia kwamba vyombo vya umeme vinatoa mchango mwingine. Ni kweli vinatoa. Sehemu kubwa mno ya umeme wetu, karibu tisa kwa kumi, hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mito, upepo wa Turkana na jua. Jioni pale steji, mtu anayesimama nyuma ya pikipiki ya umeme havuti moshi. Hayo ni mema na nayathamini, lakini hayazibi shimo. Barabara inataka kokoto, lami, mitaro iliyozibuliwa na watu wa kuifanya kazi hiyo, na wote hao hulipwa kwa pesa. Kwa hiyo mimi sibishani kuhusu kulipa. Nabishana kuhusu mahali mtakapoliweka sanduku la kukusanyia.

Tuchukue zile shilingi 75 tuzihamishie kwenye umeme. Pikipiki yetu hula kama uniti 4 (kilowati-saa) kwa kilomita 100, kwa hiyo safari za siku ni uniti 5 hivi. Mkitaka shilingi 75 kutoka kwa uniti 5, mtatoza shilingi 15 kwa kila uniti. Sasa kumbukeni kwamba bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyowekwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, mwaka 2023, ilikuwa shilingi 16 kwa uniti mchana na shilingi 8 usiku, kabla ya makato mengine. Tozo hiyo ingekaribia kuifanya bei ya mchana kuwa mara mbili, na ya usiku karibu mara tatu. Mkono mmoja wa serikali umeshusha bei ili watu waingie, na mkono wa pili unawangojea mlangoni.

Basi nalo? Basi kubwa la dizeli linalokunywa lita 30 kwa kilomita 100 hulipa ada ya shilingi 750 kwa safari hiyo. Basi la umeme la ukubwa huo laweza kula uniti 100. Kwa shilingi 15 kwa uniti, litalipa 1,500. Abiria hamsini walioketi ndani ya chombo kimoja, badala ya kuziba njia kwa magari thelathini, watatozwa mara mbili kwa sababu tu basi lao limeacha dizeli. Nairobi imeanza kuona mabasi ya aina hiyo tangu 2022, na sisi huku Pwani tunayatamani.

Liko jambo linaloniuma zaidi. Mpwa wangu hachaji nyumbani. Huenda kituoni, akaacha betri iliyokwisha, akachukua iliyojaa, akalipa kwa simu. Ndivyo wanavyofanya wengi wa wanaoendesha bodaboda za umeme, kwa kuwa wanaishi vyumba vya kupanga na soketi yenyewe ni moja, tena ya kugombaniwa. Kituo kina mita yake na bei yake maalumu, na tozo yoyote itakayowekwa pale itashuka moja kwa moja kwenye bei ya betri. Upande wa pili wa daraja, Nyali, namfahamu mwenye gari la umeme la tani mbili na ushei. Hulichaji usiku kwenye gereji yake, kwa mita iyo hiyo inayowasha friji na viyoyozi, na mchana paneli za jua juu ya paa humsaidia. Mita haijui kama uniti ile imekwenda kwenye gari au kwenye pasi. Jua nalo halina mita yenu. Jimbo la Iowa kule Marekani lilianza mwaka 2023 kutoza senti 2.6 za dola kwa kila uniti inayotumika kuchaji magari, lakini umeme wa kuchajia nyumbani ukaachwa nje. Sishangai, maana nani atakwenda kuhesabu nyumba kwa nyumba? Kule, wengi wenye magari hayo wana nyumba na gereji zao, na mpita njia ndiye anayelipa kituoni. Hapa kwetu anayelipa kituoni atakuwa ni mwenye bodaboda.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii, nacho ni uzito.

Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi wa Marekani waliendesha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio kuona kinachoziua ni nini. Matokeo yake yangali yakitumika kukadiria unene wa barabara sehemu nyingi za dunia. Waliona kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara huongezeka takribani mara kumi na sita. Ukiongeza mara kumi, madhara huwa kama mara elfu kumi. Kwa lugha ya darasani, ni uzito uliopandishwa kwa kipeo cha nne.

Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja na tani 56 kwa lori zima. Pikipiki, mwendeshaji na abiria wake, kwa pamoja ni kama kilo 300, yaani kilo 150 kwa kila gurudumu. Tani 10 ni zaidi ya mara 66 ya hizo. Pandisheni 66 kwa kipeo cha nne muone: mtakaribia milioni 20. Wahandisi watasema, na watakuwa sahihi, kwamba kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya vitu vyepesi kama pikipiki. Kwangu mimi hiyo ina maana kwamba pikipiki haijafika hata kwenye orodha ya vitu vinavyovunja barabara.

Sina haja ya kwenda Illinois kulijua hilo. Simameni Changamwe alfajiri, kontena zinapotoka bandarini kuelekea Jomvu, Miritini na mizani ya Mariakani. Lami pale imebonyea mifereji miwili, upana wa magurudumu ya lori, na mvua ikinyesha maji hulala humo. Hiyo mifereji haikuchimbwa na bodaboda. Siyasemi haya kwa kuwachukia madereva wa malori. Wao ndio wanaoilisha nusu ya kanda hii, na wengi wao ni majirani zangu. Nataka tu ijulikane nani anabonyeza nini.

Tazameni basi jinsi ada ya mafuta inavyogawa mzigo huo. Bodaboda hulipa kama shilingi 62 kwa kilomita 100. Lori linalokunywa lita 40 kwa kilomita 100 hulipa shilingi 1,000. Lori linalipa mara 16 ya bodaboda, na madhara yake hayahesabiki kwa vidole vya kata nzima. Ada ya lita ilipoanza mwaka 1993 ilikuwa ndiyo njia iliyowezekana: pampu zilikuwa chache, wizi ulikuwa mdogo, na aliyesafiri sana alilipa sana. Upungufu wake tuliuvumilia kwa kuwa hatukuwa na kipimo kingine mkononi. Leo tunaanza upya, kwa vyombo vipya, na kila kimoja kina kompyuta tumboni. Kwa nini tuubebe upungufu ule ule kutoka kwenye pampu tuupeleke kwenye soketi?

Tozeni kwa kilomita, kwa daraja za uzito. New Zealand wamefanya hivyo kwa vyombo vya dizeli tangu miaka ya 1970, na malori mazito hulipa zaidi kwa kila kilomita. Magari ya umeme yalisamehewa kwa miaka mingi ili yaongezeke, kisha kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 yakaingizwa: dola 76 za huko kwa kila kilomita 1,000 kwa gari dogo. Hawakuhitaji kuigusa soketi. Iceland nayo ilianza mwaka huo huo kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita. Hapa kwetu vyombo vya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mkaguzi tayari ana gari mbele yake na mita machoni pake. Anzieni hapo. Pikipiki itozwe, tuseme, senti 10 kwa kilomita. Kwa kilomita 36,000 za mpwa wangu hizo ni shilingi 3,600 kwa mwaka, au 300 kwa mwezi kwa simu. Gari la Nyali lilipe mara kadhaa ya hapo. Lori la umeme litakapokuja, nalo litakuja likiwa zito kuliko la dizeli kwa sababu ya betri, lilipe kadiri linavyobonyeza.

Yule mwenzake mpwa wangu mwenye pikipiki ya petroli atauliza kwa nini yeye aendelee na 22,500. Ana haki ya kuuliza, na mimi sina jibu la kumridhisha leo, ila hili: tofauti hiyo iandikwe katika sheria kwamba ni ya muda, na mwisho wake utajwe kwa tarehe, ili naye ajue lini kubadilisha chombo kutakuwa na faida kwake. Na ikiwezekana, siku moja yeye pia atolewe kwenye lita apelekwe kwenye kilomita, kwa sababu hata yeye analipishwa makosa ya wengine.

Nyinyi mtasema mita hurudishwa nyuma. Hurudishwa, nasi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani tunalijua hilo vizuri. Lakini pikipiki nyingi za umeme zinafuatiliwa na kampuni zinazomiliki betri, na kilomita zake zinajulikana kila jioni. Hapo nina sharti. Serikali ipewe jumla ya kilomita, basi. Isipewe njia alizopita kijana, saa alizosimama, wala mlango aliomshushia abiria. Mtu hawezi kuuza mwendo wa maisha yake ili mtaro uzibuliwe.

Hayo ni ya kukusanya. Yanayofuata ni magumu zaidi kuyaandika, kwa kuwa yanahusu imani, nayo imepungua.

Mwaka jana, wakati wa masika, mpwa wangu alikuwa akirudi usiku kwenye barabara ya mtaa nyuma ya shule. Mtaro ulikuwa umeziba kwa taka tangu mwaka mpya. Tulikuwa tumesema, tukaandika, tukapiga picha. Maji yakajaa barabarani yakasawazisha kila kitu, na shimo likawa linaonekana kama lami. Aliingia kwa gurudumu la mbele. Alivunjika kifundo cha mkono, akalala nyumbani wiki sita, na katika daftari langu kuna Ijumaa sita ambazo mita haikusogea. Shimo hilo, lilipokuwa dogo, lingezibwa na watu wawili na karai moja. Lilipokuja kuzibwa lilikuwa limekula nusu ya njia.

Barabara ile ni ya kaunti. Bodaboda hufanya kazi zao nyingi katika barabara za aina hiyo: za mtaani, za kwenda sokoni, za kumfikisha mjamzito hospitalini. Ndiyo maana nilipowasikia magavana na wabunge wakiburuzana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko wa barabara, kila upande ukisema ni zake, niliona uchungu. Katiba imezipa kaunti barabara za kaunti. Pesa zifuate barabara. Na hizi mpya, zitakazotoka kwa vyombo vya umeme, ziandikiwe mgawo wake sasa, kabla hazijawa nyingi kiasi cha kugombaniwa.

Kisha kuna zile shilingi 7. Kati ya shilingi 25 tunazolipa kwa lita, 7 zimeshawekwa rehani ili kupata takribani bilioni 175 za kulipa madeni ya wanakandarasi. Siwanyimi wanakandarasi haki yao. Wako waliouza nyumba wakingojea malipo, na deni ni deni. Lakini ada hii inaitwa ya matengenezo. Anayejaza tangi leo anaamini anaziba shimo la leo, kumbe zaidi ya robo ya pesa yake inalipia barabara iliyojengwa zamani, na itaendelea kufanya hivyo kwa miaka. Naomba sheria ya ada ya kilomita iwe na kifungu kinachokataza kuiweka rehani. Kifungu kimoja, cha maneno machache, kisichoacha mwanya.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulileta ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua 5,000 wala kuzidi 100,000. Uliondolewa kabla hata mswada wenyewe haujaondolewa. Ulipimwa kwa bei, na haukuuliza gari linatembea kiasi gani wala lina uzito gani. Mwenye teksi kuukuu alikuwa na kiwango cha chini kisichokwepeka, na mwenye gari la mamilioni mengi aliwekewa dari. Watu waliona hilo haraka kuliko mlivyotarajia. Msidhani hawatayaona ya soketi.

Tena tupeni muda. Uingereza, mnamo Novemba 2025, ilitangaza kwamba magari ya umeme yatalipa peni 3 kwa maili kuanzia Aprili 2028. Wako waliokasirika, lakini kila anayenunua gari huko leo anajua kinachomngoja. Wenzake wengi wa mpwa wangu wanalipia pikipiki zao kidogo kidogo kila siku, kwa mikataba ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Aliyetia saini akihesabu bei ya betri ya leo, ukimbadilishia katikati ya mkataba, unamnyang'anya pikipiki. Tangazeni kiwango na tarehe miaka miwili kabla. Wasikilizeni watu kwenye steji zao, saa tisa alasiri wanapokuwa wamepumzika, kwa Kiswahili, hesabu zikiwa ubaoni. Mkutano wa hotelini saa nne asubuhi hawatauhudhuria. Hiyo ni saa ya kazi.

Na kila mwaka tubandikieni kwenye ofisi ya kata karatasi moja: kilomita ngapi zimelipiwa na vyombo vya hapa, pesa kiasi gani zimerudi hapa, barabara ipi imetengenezwa na mtaro upi umezibuliwa.

Leo ni Ijumaa. Mpwa wangu ameingia sasa hivi, nami nimekwenda na tochi kusoma mita: kilomita 41,386. Nimeiandika kwenye daftari, kwa wino, na chini yake nimepiga mstari mwekundu. Kuanzia nambari hiyo mimi niko tayari kuhesabiwa.

Wenu katika kungoja jibu,

Mwalimu mstaafu na mmiliki wa pikipiki moja,
Changamwe